Chai Katika Baa za Ireland

Dublin sikukaa sana. Nilipita The Brazen Head, baa inayojinadi kuwa ipo tangu mwaka 1198 ingawa jengo lililopo sasa ni la karne ya 18. Nikakuta watalii wamejaa mlangoni wakipiga picha, nikageuza. Mimi pombe siinywi, na binamu yangu, muuguzi aliyelowea huko, alicheka niliposema nimekuja kuzunguka baa na magulio.

"Kaka, utakunywa nini?"

"Chai."

"Basi huko hutakufa kiu," akasema.

Alijua anachosema. Waairishi ni walevi wa chai kuliko wanavyosifika kwa bia nyeusi, na sehemu kubwa ya majani yao inatoka kwetu. Kampuni ya Barry's ya Cork, iliyoanza 1901, huchanganya ya Kenya na Rwanda na ya Assam, India. Wanaichemsha ikolee, wanaizidisha maziwa. Tangawizi hamna, lakini msafiri hachagui.

Basi lilinishusha Cashel, kaunti ya Tipperary. Abiria wote wanaposhuka humshukuru dereva, hata vijana wenye spika masikioni, nami nikaiga. Mwamba wa Cashel unachomoza peke yake kwenye malisho, na juu yake yamerundikana mabaki ya karne kadhaa. Walikaa hapo wafalme wa Munster, jimbo la kusini, hadi 1101 mfalme Muirchertach Ua Briain alipoutoa mwamba huo kwa Kanisa. Kanisa kuu halina paa. Kilichonishika ni kanisa dogo la Cormac, lililowekwa wakfu 1134. Limejengwa kwa jiwe la mchanga linalonyonya mvua, na mvua hapo haina likizo. Ndani michoro ya ukutani imebaki vipandevipande, rangi zimefifia kama kanga iliyofuliwa miaka. Wanaingiza watu kwa vikundi, pamoja na mwongozaji.

Kutoka hapo si mbali kufika Fethard, mji mdogo ambao bado una ukuta wake wa kale. Baa ya McCarthy's, ya tangu karne ya 19, ndiyo pia ofisi ya mazishi. Unalishwa, unanyweshwa, na siku yako ikifika ni wao wanaokuzika. Zamani baa nyingi za vijijini zilikuwa hivyo, kaunta moja ya bia, nyingine ya sukari, misumari na mafuta ya taa. Nilipoagiza chai hakuna aliyeshangaa. Mzee aliyekaa jirani yangu, yeye pia alikuwa na birika lake, na kifuani beji ya Moyo Mtakatifu. Ni alama ya chama cha Wakatoliki walioapa kutogusa kileo, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898 na padri James Cullen. Watu wa aina hiyo hawakuacha kwenda baa. Wangeenda wapi kupata habari? Nilipomwambia ninatoka Kenya, akanieleza kaka yake alikuwa padri Turkana, mmoja wa wamisionari wa Kiltegan, shirika la mapadri wa Ireland.

"Lodwar siku hizi kuna lami?"

Nikamwambia ipo. Akafurahi kana kwamba barabara ni ya kwao.

Cork nilikwenda kwa ajili ya soko, English Market, la tangu 1788. Liliungua 1980, wakalijenga upya. Samaki ni wazuri kweli, na kuna meza za matumbo na soseji ya damu ambazo nilizitazama kwa mbali. Lakini kila kitu kina kibandiko cha bei, na bei ikibandikwa soko limekwisha utamu.

Utamu niliukuta Killorglin, kaunti ya Kerry, kwenye Puck Fair. Hufanyika tarehe 10 hadi 12 Agosti kila mwaka, na hati ya mfalme James wa Kwanza ya mwaka 1613 inataja gulio la hapo. Wanakwenda mlimani kumkamata beberu wa porini, wanamleta mjini, na binti wa shule ya msingi anayeitwa malkia anamvisha taji. Kisha beberu anapandishwa juu ya jukwaa refu, anakuwa mfalme wa mji. Hadithi maarufu inasema askari wa Cromwell, jemadari wa Kiingereza, walipokuwa wakipora bonde, beberu mmoja alikimbilia mjini, watu wakajua kuna hatari. Mwaka 2022 joto lilikuwa kali, watetezi wa wanyama wakapiga kelele, mfalme akashushwa. Ubishi haujaisha, na mimi niko upande wa beberu.

Siku ya kwanza ni ya farasi. Wengi wa wauzaji ni Travellers, jamii ya wahamaji ambayo serikali iliitambua rasmi kuwa kabila mwaka 2017. Mnunuzi akitaja bei, mwenye farasi anampa mgongo na kuanza kuondoka. Hapo ndipo dalali anapoingia. Anamvuta huyu mkono, anamvuta yule, anawalazimisha wapigane viganja, anawagombeza wote wawili. Niliona biashara moja ikivunjika na kurudi mara tatu kwa tofauti ya euro hamsini. Walipoafikiana walitema mate viganjani, wakapigana kofi la mkono, kisha muuzaji akamrudishia mnunuzi noti moja ya bahati. Karatasi ya mkataba sikuiona. Kisha wote, dalali akiwa mbele, wakaingia baa.

Nilimalizia Dingle, kwenye baa ambayo nusu yake bado ni duka la vifaa vya ujenzi. Wapiga muziki hawana jukwaa. Wanazunguka meza yao na fidla, filimbi na bodhrán, ngoma ambayo kwa desturi huwambwa ngozi ya mbuzi. Hivyo Killorglin anatawazwa, Dingle anapigwa.

Walinikaribisha mezani, nami nikaingia kwenye zamu. Kila mtu hununulia meza nzima, na asiyetoa zamu yake husemwa hadi wajukuu. Mara tatu nililetewa birika. Zamu yangu ilipofika sikutaka kununua pombe, wala sikutaka kuonekana bahili, nikaenda kaunta nikarudi na pakiti sita za krispi. Mpiga fidla hakuuliza kitu. Alizichana ubavuni zote sita, akazitandaza katikati ya meza kila mtu achote, akaniambia birika lingine linakuja.