Skrini nyeusi na mama wa kadi za harusi

Jana usiku nilisasisha Linux (mfumo endeshi, kama Windows) kwenye laptopu ya steshenari yangu hapa Mwanga, Kigoma, nikalala kwa amani. Asubuhi naiwasha: feni inavuma, skrini nyeusi tii, kistari kimoja kinapepesa kwenye kona ya juu kushoto. Na mama mmoja kutoka Ujiji keshakaa kwenye benchi anasubiri kadi za harusi ya mwanawe!

"Mwanangu, imekufa?"

"Haijafa mama, imenuna tu."

Kumbe keneli (kiini cha Linux) imepanda toleo, draiva ya kadi ya picha (programu inayoiendesha kadi hiyo) imebaki nyuma. Draiva yenyewe ya kampuni, msimbo wake umefungwa, na sharti moduli yake (kipande kinachoungana na keneli) ijengwe upya kila keneli inapobadilika. Isipojengwa, ndiyo hivyo. Nikaingia menyu ya GRUB (inayotangulia kabla Linux haijawaka), nikabonyeza e, nikaongeza nomodeset (neno la kuiambia keneli isipange skrini yenyewe) mwisho wa mstari unaoanza na linux, kisha F10 kuiwasha. Picha ikaja, maandishi makubwa makubwa kama ya TV ya chogo, lakini ikaja. (Ningechagua keneli ya zamani kwenye menyu hiyohiyo ingekuwa rahisi zaidi. Nimekumbuka nikinywa chai.)

Kadi zimetoka saa tano. Mama kaniachia fungu la dagaa. Draiva nitapambana nayo usiku, nikishanunua bando.