Kuvua kambale gizani kwa kumbikumbi wa kandambili

Mvua za kwanza zikinyesha Hombolo, karibu na Dodoma, kumbikumbi hutoka ardhini jioni ileile, na wengi huangukia bwawani. Usiku mmoja wa Desemba nilikaa ukingoni na minyoo yangu, chubwi, kile kizito cha kuzamishia ndoano, imetulia chini, huku mbele yangu kambale wakifyonza juu ya maji: chwapu, kimya, chwapu tena. Chakula chao kilikuwa kinaelea, mimi nimezamisha changu.

Nyumbani nilikuwa na fimbo na mshipi mnene wa kuvulia kwa inzi bandia, yaani mdudu wa kutengeneza anayefungwa kwenye ndoano, zawadi ya mgeni aliyetoka Uingereza. Kule hutumika zaidi kwa samaki wa mtoni waitwao trauti. Katika uvuvi huu inzi karibu hana uzito. Mshipi wenyewe ndio mzito, na ndio unaombeba ukiurusha. Nikakata kipande cha kandambili nyeusi, nikakifunga kwenye ndoano pamoja na unyoya wa shingo ya jogoo, nikaupaka unyoya mafuta ya mgando usilowe. Nilichagua nyeusi kwa makusudi: samaki humtazama mdudu kutoka chini, na hata usiku usio na mwezi anga ni jeupe kuliko maji, kwa hiyo kitu cheusi huonekana vizuri.

Usiku tatu sikupata kitu. Kosa la kwanza lilikuwa tochi ya kichwani: kila nilipomulika nimtafute inzi wangu, maji yalinyamaza. Kosa la pili nililigundua kwa mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitega jirani. Nilimwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba, akasikiliza ninavyovuta kila nikisikia chwapu.

"Mjukuu wangu," akasema, "unamnyang'anya kabla hajafumba mdomo. Sikio litakudanganya. Ngoja kidole."

Kesho yake nilirudi mchana. Nikatafuta sehemu ya ukingo isiyo na migunga nyuma, maana miiba hunasa mshipi. Nilibaki juu pakavu, kwa kuwa maji yaliyotulia yenye konokono nayaogopa kwa kichocho. Nikarusha umbali wa kama mita 8, na mahali mshipi ulipogusa kidole nikafunga fundo la uzi. Gizani nilikuwa nautoa mshipi mpaka nilisikie fundo kidoleni, basi. Sirushi mbali zaidi hata samaki wacheze wapi.

Tochi ikakaa mfukoni, ya kukagulia nyoka njiani tu. Nilirusha, nikakaza mshipi taratibu ili inzi achore mkwaruzo mdogo juu ya maji, nikaegemeza mshipi kwenye kidole cha shahada. Chwapu. Nikajizuia, moyo unanidunda. Kisha mshipi ukaanza kwenda wenyewe, mzito, kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani. Ndipo nikainua fimbo.

Alipinda fimbo mpaka nikahofia itakatika. Nilimshika nyuma ya kichwa, mbali na miiba ya mapezi, maana ikikuchoma hutalala. Kwenye gunia aliendelea kuhema; kambale hupumua hewa, hafi upesi.

Usiku ule niliwapata 4. Mmoja nilimpelekea babu asubuhi. Alimgeuza, akamtazama inzi niliyemwacha ameng'ang'ania mdomoni, akaniomba nimtengenezee wawili kama huyo.