Shemeji wa Kila Nyumba

Mwaka ule nilikuwa na miaka 37 na sijaoa, na marafiki zangu wote walikuwa wameshaoa au kuolewa. Kila mlango niliobisha hodi niliitwa shemeji. Niliupenda ushemeji ule: watoto wananijua, kiti changu kipo, na ikifika saa nne usiku naondoka zangu kabla ya wenye nyumba kuanza kununiana. Kwa hiyo kikundi chetu cha maigizo ya ridhaa kilipoamua kuigiza Company, wakaniachia mimi niongoze. Hakuna aliyenieleza sababu, nami sikuuliza.

Company ni tamthilia ya nyimbo iliyoonyeshwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, kwa mara ya kwanza mwaka 1970. Robert, kapera wa New York, anatimiza miaka 35. Amezungukwa na jozi tano za wanandoa wanaompenda, wanaomhurumia na kumwonea wivu kwa pamoja, na kuna wanawake watatu ambao hajui awafanyeje. Hadithi yenye mwanzo na mwisho haina. Kila onyesho ni kama kuchungulia sebule ya watu. George Furth aliandika mazungumzo, Stephen Sondheim akatunga nyimbo. Sondheim alikuwa na miaka 40 na hakuwa na mke. Ili aweze kuandika habari za ndoa alimketisha rafiki yake Mary Rodgers, aliyekuwa ameolewa mara mbili, akamsikiliza huku akinukuu. Niliposoma hilo nikajiambia: kumbe inawezekana, na mimi nitaweza.

Tulikuwa waigizaji 14. Sarah na Harry, wanaooneshana karate sebuleni mbele ya mgeni, niliwapa mume na mke wa kweli, nikidhani ni ujanja. Mume akagoma kuangushwa wiki mbili nzima. “Huyu nyumbani ananiangusha kila siku,” alisema, “na hapa tena?” Amy wetu, bibi harusi anayeghairi asubuhi ya harusi yake, alikatikiwa na pumzi mahali palepale kila siku, kwa sababu maneno ya wimbo ule yanamiminika kama mvua ya mawe. Hayo yote yalitengemaa. Kilichotushinda ni ukimya.

Sehemu ya pili inaanza kwa wimbo wa shangwe, wote wakimsifu Robert. Katikati kuna mchezo wa viatu uliotokana na ngoma alizozipanga Michael Bennett kwa onyesho la 1970: mume anagonga sakafu kwa miguu, mkewe anamjibu kwa kugonga vilevile. Jozi kwa jozi. Kisha inafika zamu ya Robert. Anagonga, na hakuna wa kumjibu. Basi, hakuna neno, hakuna wimbo. Kwangu mimi tamthilia nzima iko hapo.

Jioni moja kijana anayeigiza Robert aliumwa, nikasimama mahali pake. Zamu yangu ilipofika nikagonga: ta-ta, ta. Mtu akajibu. Alikuwa Joanne wetu, mmoja wa wake watano wa tamthilia, na nje ya jukwaa mke wa rafiki yangu wa siku nyingi. “Samahani, mguu umeteleza.” Tukarudia. Safari hii wakajibu wawili. Mara ya tatu wakajibu wote kumi, wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, cha meno tu. Nikasema tupumzike, nikatoka nje.

Joanne akanifuata. “Shemeji, usituone wabaya. Tumeshindwa kukuacha hivyo.”

Nilitaka kumwambia kwamba kuachwa hivyo ndiyo kazi yenyewe, kwamba wanaharibu onyesho. Lakini kilichoniuma hakikuwa onyesho. Miezi miwili nilikuwa napanga ule ukimya kama fundi anavyopanga matofali, nikipima upana wake na mahali taa itakapoangukia, na wala sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitasimama ndani yake. Na watu kumi walikuwa wameliona hilo kabla yangu.

Tukarudi ndani. Nikagonga. Hakuna aliyejibu. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika mapigo manne ya kimya. Nilipofika la tatu nikamwashiria mpiga kinanda aendelee. Usiku ule nikafuta manne, nikaandika mawili. Niliwaambia waigizaji kwamba watazamaji wangechoka.

Robert wetu alikuwa na mchumba na hajafikisha hata miaka 30. Usiku wa kwanza wa onyesho aligonga, akasimama. Mawili yakapita. Manne yakapita. Mpiga ngoma akanitupia jicho nilipokuwa nimejibanza kando ya pazia, nami sikuinua mkono. Ukumbini mtu mmoja akacheka, kisha akanyamaza. Sijui kijana yule alihesabu hadi ngapi. Nilipomwuliza baadaye alisema hakuwa anahesabu.

Vitabu vya nyimbo vilikuwa vya kukodi, na sharti ni kuvirudisha vikiwa safi, alama zote za penseli zimefutwa. Kazi hiyo nikaifanya mwenyewe, kitabu kwa kitabu, mezani kwangu. Katika kitabu cha Joanne, pembeni mwa ukurasa ule, nilikuta neno USIJIBU, limepigiwa mistari mitatu. Chini yake, kwa herufi ndogo: hata akiwa shemeji.

Nikafuta la juu. La chini nikakaa nalo kidogo, kisha nalo nikalifuta, nikapuliza vumbi la ufutio.