Siku moja maabarani: tunafuata jeni, si jina la bakteria

Saa 1 asubuhi. Sahani za kuoteshea bakteria zilizoingia inkyubeta (kabati la joto) jana saa 9 alasiri zimetimiza saa 16. Tunazisoma sasa, kabla hazijapita saa 18. Tatu zinatusimamisha: Klebsiella pneumoniae kutoka damu ya kitanda cha 4, Escherichia coli kutoka mkojo wa kitanda cha 6, na Citrobacter freundii kutoka usufi (pamba ya kuchukulia sampuli) wa njia ya haja kubwa wa kitanda cha 9. Ni wodi moja na bakteria wa aina tatu. Anayesoma majina tu atasema hawahusiani. Lakini kipenyo cha duara la meropenemu, yaani eneo lisiloota bakteria kuzunguka diski ya antibiotiki hiyo, ni milimita 14, 16 na 15, na kuanzia 19 kushuka ni sugu.

Saa 2. Kwanza tunaikagua kazi yenyewe. Agari, rojo lililoganda wanamoota bakteria, iwe na kina cha milimita 4, maana ikiwa nene duara husinyaa na ikiwa nyembamba hutanuka. Ukungu wa bakteria ulingane na McFarland 0.5, kiwango cha kulinganishia ukungu, ukizidi uzito, utamwita sugu asiye sugu. Bakteria wa kupimia ubora naye awe ndani ya mipaka yake. Hapo ndipo tunaamini.

Saa 3. Je, wanaimeng'enya dawa? Kwa kila bakteria tunachota kitanzi cha mikrolita 1, tunakivuruga katika mililita 2 za mchuzi wa soya wa kuoteshea bakteria, kisha tunazamisha diski ya meropenemu ya mikrogramu 10. Inakaa saa 4 kwenye nyuzi 35. Bakteria mwenye kimeng'enya cha kuvunja dawa ataimaliza dawa iliyo kwenye diski.

Saa 4. Simu inapigwa wodini bila kungoja jibu la mwisho: wagonjwa watatu watengwe, kila mmoja na vifaa vyake, na walio vitanda vya jirani wachukuliwe usufi.

Sababu ya haraka ni plasmidi, kipande cha DNA cha mviringo ambacho bakteria mmoja humpitishia mwenzake kwa kugusana, hata wa jamii nyingine. Jambo hili si geni: mwaka 1959 Ochiai na Akiba, nchini Japani, walionyesha Shigella wa kuhara damu wakiwapa E. coli usugu wa dawa kadhaa kwa mpigo. Jeni za KPC, NDM na OXA-48, zinazotengeneza vimeng'enya vya kuvunja meropenemu, husafiri hivyohivyo leo, mara nyingi zikiwa zimeandamana na jeni za usugu wa dawa nyingine. Ndiyo maana mgonjwa anayepewa siprofloksasini, mojawapo ya dawa hizo nyingine, anaweza kumnenepesha bakteria sugu wa meropenemu bila kuwahi kuiona meropenemu. OXA-48 ndiyo inayotusumbua zaidi: huvunja meropenemu polepole, duara linaweza kuonekana la kawaida, na mgonjwa akaachwa katikati ya wenzake.

Saa 5, wodini. Tunaanzia kwenye sinki. Likimwagiwa mabaki ya dripu, chai na maji ya kuogeshea wagonjwa, utando wa bakteria kwenye bomba la chini hulishwa vizuri, na humo plasmidi hubadilishana mikono kwa wiki na miezi. Bomba likifunguliwa moja kwa moja juu ya tundu, matone hurukia hadi karibu mita 1. Kwa hiyo trei ya dawa haikai hapo, na uchafu unamwagwa kwenye sinki lake. Glavu nazo hudanganya: anayetoka mfuko wa mkojo wa kitanda cha 6 kwenda kitanda cha 9 na glavu zilezile amebeba kila kitu. Zivuliwe, kisha mikono isuguliwe kwa spiriti sekunde 20 hadi 30.

Saa 7 mchana. Diski zinatolewa kwa kitanzi, zikikamuliwa kwenye ukingo wa mrija, na kuwekwa juu ya sahani iliyopakwa E. coli ATCC 25922, bakteria wa majaribio asiye sugu: dawa ikiwa imemalizwa, ataota karibu na diski. Kesho, duara la milimita 6 hadi 15 litamaanisha kimeng'enya kipo. 19 na zaidi, hakipo. 16 hadi 18 ni la kuangalia upya, na vikoloni vidogo ndani yake huhesabiwa kuwa kipo.

Saa 9 alasiri. Sasa swali kubwa: usugu unahama? Kila mmoja wa watatu, mtoaji, anachanganywa na mpokeaji, E. coli J53 wa majaribio, asiyedhurika na azidi ya sodiamu, sumu inayozuia bakteria wengine, kwa ujazo 1 kwa 10. Mrija hautikiswi, kwani walioshikana huachana. Kesho mchanganyiko utapakwa kwenye agari yenye azidi, mikrogramu 100 kwa mililita, pamoja na seftazidimu, antibiotiki ambayo J53 haistahimili mpaka apewe usugu. Mtoaji peke yake na mpokeaji peke yake wanapakwa pia. Yeyote kati yao akiota, jaribio ni batili. Koloni itakayoota kwenye mchanganyiko hutambuliwa upya, kwa kuwa mtoaji anaweza kujipatia ustahimilivu wa azidi na kutudanganya. Mabaki ya azidi hayamwagwi sinkini: yakikutana na shaba au risasi ya mabomba hutengeneza chumvi zinazolipuka.

Saa 10. Katika daftari, wagonjwa hawa watatu wanaandikwa ukurasa mmoja, chini ya jeni inayoshukiwa. Nafasi ya nne imeachwa wazi kwa usufi wa sinki.