Siku mjomba alipeleka faili ya fidia akiwa amevaa medali

Mwanzo wa 2021 stori za pesa za Sudan zilikua zimejaa kila grupu ya WhatsApp ya familia. Dola milioni 335. Sudan ilitaka kutolewa kwa ile orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi, ikakubali kulipa kwa ajili ya mabomu ya balozi za Marekani ya 1998, Nairobi na Dar es Salaam, na Disemba 2020 ikatolewa kweli. Sasa waza mtu amekaa na jicho la bandia zaidi ya miaka 20 halafu anasikia hayo kwa redio. Mjomba alinipigia simu hata jua halijatoka vizuri, akaniambia nitafute nafasi nimsindikize taoni kuna mawakili wanaandikisha watu.

Mjomba alikua jeshi, koplo. 1989 alienda Namibia na kikosi cha Kenya kulinda amani chini ya UN, na medali ya huko bado anayo. Alipotoka jeshini akapata kazi ya utarishi kwa ofisi moja ndani ya Co-operative House, jirani kabisa na ubalozi wa Marekani wa wakati huo, pale Nairobi, Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Ijumaa tarehe 7 Agosti, saa nne na nusu hivi imepita, wale magaidi waliokuja na lori la bomu walirusha guruneti kwanza, watu maofisini wakasikia mlio wakakimbilia madirishani waone ni nini, na hiyo ndo ilimaliza watu wengi macho siku hiyo maana bomu lenyewe lilikuja sekunde chache baadaye, wakapokea vioo usoni. Mjomba aliujua ule mlio. Akapiga kelele watu walale chini. Wengine walimcheka, nani atalalishwa sakafuni na tarishi? Kulikua na karani mmoja wa kike amebaki dirishani, akamshika mkono akamvuta, na hapo ndo kila kitu kikaja ndani. Yule karani alitoka na mikwaruzo tu. Mjomba jicho la kushoto likaenda, na sikio la upande huo pia, mpaka leo ukitaka kuongea naye unakaa mkono wake wa kulia.

Watu 213 walikufa Nairobi, 12 kati yao Wamarekani, na waliojeruhiwa wanahesabiwa kwa maelfu. Hao maelfu wengi wao walikua watu kama mjomba, hawana uhusiano wowote na ubalozi, walikua tu kazini kwao ama kwa basi ama wanavuka barabara.

Basi tukafika. Ukumbi wa ghorofa ya pili, barakoa kila mahali, viti vimetenganishwa kwa sababu ya korona lakini watu wameshavisogeza tena. Mjomba alikua amevaa blezia na medali kifuani, na faili ya kaki mkononi. Ndani ameweka kadi za hospitali, payslip ya zamani iliyofifia, picha yake akiwa kitandani amefungwa bendeji, na juu kabisa cheti chake cha kutoka jeshini, hicho amekitia karatasi ya plastiki. Nilimuuliza hiki cha nini, akaniambia mwanajeshi ni mwanajeshi. Sikubishana. Mlangoni tukalipa mia tano ya kufungua faili, na hakuna risiti, kitu ambacho kingenishtua siku nyingine.

Kwa foleni tulikaa nyuma ya mama mmoja aliyekua msafishaji ubalozini wakati wa bomu. Yeye hakuja kujiandikisha, alikuja kuulizia pesa zinatoka lini, maana yuko kwa ile kesi ya kule Marekani tangu watoto wake wako primary. Alijua mambo kuliko hata wale makarani! Alitueleza vile waliendelea mpaka Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua Sudan inaweza kutozwa hata ile fidia ya kuadhibu, yaani pesa za juu za kuitia adabu, kesi inaitwa Opati kwa jina la Mkenya, halafu makubaliano yakaja na pesa ndogo sana kuliko mabilioni ya dola ambayo korti ilikua imetaja. Na kwa hizo hizo, akasema, Mkenya wa ubalozini hapati sawa na Mmarekani waliyefanya naye kazi jengo moja. Mjomba alimsikiliza, akamwambia hata hivyo shika hicho wanakupa, mama.

Zamu yetu ikafika. Kijana na laptopu, mpole tu, sina neno baya juu yake.

"Mzee, 1998 ulikua umeajiriwa na nani?"

Mjomba akataja ile kampuni.

"Ilikua na kandarasi yoyote na ubalozi?"

"Hapana. Tulikua majirani."

Kijana akaacha kutaipu. Akatueleza polepole kwamba sheria ya Wamarekani ya kushtaki nchi inayosaidia magaidi inabeba raia wa Marekani, wanajeshi, wafanyakazi wa serikali yao na makontrakta wao, pamoja na wanaodai kwa niaba ya hao. Yaani askari wa geti Mkenya anaingia, dereva anaingia, mtu wa jengo la pili haingii. Mjomba alishika neno moja tu. Akatoa kile cheti akakisukuma mezani, "Mwanajeshi, huyu hapa."

"Wanajeshi wa Marekani, mzee."

"Na kule Namibia nilikua namlinda nani?"

Kijana akanitazama mimi, kama mimi ndo nitajibu. Akasema yeye anajaza fomu tu. Mjomba akarudisha cheti ndani ya faili, akaweka kila karatasi mahali pake bila haraka, watu nyuma wanaguna, akasimama akasema sawa, sasa nirudishie mia tano yangu kwa sababu faili haijafunguliwa. Walizungushana pale hadi yule mama msafishaji akaingilia kati kwa sauti, na noti ikarudi.

Njiani nilijaribu kutafuta mlango mwingine. Jeshi? Aliumia akiwa raia, pensheni haiongezwi. Mwajiri alishampa kitu kidogo zamani na sasa hata ofisi haipo. Pesa za USAID, shirika la misaada la Marekani, za baada ya bomu zilisaidia matibabu, ndo zilimpatia hilo jicho, lakini hiyo haikua fidia. Serikali yetu nayo ilikua inaongea kila tarehe 7 Agosti halafu kimya.

Miaka ya baadaye seneti ikaunda kamati maalum ya fidia ya Wakenya wa 1998, mjomba akanipigia tena nimtaipie barua. Nilidhani atataka medali iingie. Wapi! Alitaka aya nzima ya yule karani wa dirishani, jina lake, ofisi, ghorofa ya ngapi. Nikamwambia mjomba hii ni barua ya fidia yako. Akasema andika, yule karani yuko hai, wakitaka kujua nilikua wapi wampigie, na namba yake iweke hapo juu kabisa.