Tuta la kome si mwaka

Jana maji yalikuwa ya bamvua, yakapwa mpaka mwambani. Nilipofika, shangazi alikuwa ameshaniwekea kome mmoja mkubwa wa miiba, yule konokono wa baharini, kando ya ndoo ya pweza. "Haya, mhesabie miaka. Si ndiyo uliyosomea?" Wenziwe wakacheka.

Zamani ningemhesabia bila kusita. Gamba la kome huyu lina matuta mazito, matatu kwa kila mzunguko, kuanzia kileleni mpaka mdomoni. Nami nilikuwa nayahesabu kama duara za mti: tuta moja, mwaka mmoja. Nikajaza daftari zima. Daftari lenyewe zuri, lina majedwali na wastani, ila ni uongo mtupu.

Tuta ni kituo tu. Kome hujenga theluthi ya mzunguko kwa haraka, gamba likiwa bado jembamba, kisha husimama, akaunenepesha ukingo wa mdomo na kuuotesha miiba. Mdogo huweza kupita vituo kadhaa ndani ya mwaka mmoja. Aliyekomaa hujikokota.

Kilichonizindua ni tupa na rangi ya kucha. Nilikwaruza alama ukingoni mwa kome 12, nikawapaka namba, nikawarudisha walikotoka. Baada ya miezi kadhaa niliwapata wawili (wengine nadhani waliishia mchuzini). Mdogo alikuwa ameiacha alama yangu nyuma kwa upana wa vidole viwili: gamba jipya, safi, halijaota hata ukoga, na tuta juu yake. Mkubwa, alama ilikuwa palepale ukingoni.

Kwa kuhesabiwa miaka, kauri ndiye mkorofi kabisa. Akishapevuka, mdomo hujikunja ndani ukaota meno, na urefu hauongezeki tena.

Wanaofanya kazi hii kwenye bahari za baridi, kama Wales, wana nafuu. Konokono wao wana kijiwe cha kujisawazishia mwilini, kidogo kama chembe ya mchanga, na kila majira ya baridi huacha mstari humo. Kwetu maji ya kusi na ya kaskazi hutofautiana nyuzi chache tu za joto. Inabidi ukwangue unga wa gamba hatua kwa hatua kufuata mzunguko, upime oksijeni nzito (ile yenye atomi nzito kuliko za kawaida), ambayo huzidi gambani maji yakipoa. Mashine hiyo sina.

"Shangazi, huyu ni mtu mzima. Miaka siijui."

Akamtupia ndooni. "Basi huyo atachemka mpaka magharibi."