Saa tisa ya nani?

Saa 11:40 alfajiri. Daladala ya Kirumba, laptopu mapajani. Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, kumeshakucha zamani, makuli wanapishana na magunia ya dagaa.

Saa 12:05. Sijakaa, karani wa mizani ananiita. "Kaka, imeganda tena." Anaandika kilo kwenye kiganja kwa kalamu, na mama mwenye mzigo anakitazama kile kiganja kama anaibiwa. Tangu seva inayopokea kilo za mizani iwekwe upya Ijumaa ni hivyo hivyo: inaganda sekunde nne, inaachia, inaganda. Nikifungua top, programu inayoonyesha seva inafanya nini, prosesa zimelala lakini wastani wa mzigo, yaani kazi zinazoendelea au zinazongoja zamu, unasoma 9. Linux, mfumo unaoendesha seva, huhesabu humo hata kazi zinazongoja diski. Halafu top huonyesha hali mpya kila sekunde 3, na kilichotokea katikati huwezi kukiona.

Saa 12:20. Narekodi nusu dakika kwa trace-cmd, programu inayonasa kila tukio ndani ya Linux: nani kapewa prosesa, nani kanyang'anywa, nani kaiomba nini diski.

Saa 2. Chai, chapati, na KernelShark, programu inayochora ile rekodi. Hapa ndipo ninapoipendea hii kazi. Kila prosesa ina mstari wake, kila kazi rangi yake, ukivuta karibu unafika hadi mikrosekunde. Naongeza mstari wa hifadhidata peke yake: rangi, rangi, kisha weupe mtupu wa sekunde nne. Chini, kwenye orodha ya matukio, sched_switch, tukio la prosesa kubadilisha kazi, inaonyesha hifadhidata imetoka na herufi D, yaani imelala usingizi usioamshika mpaka diski ijibu. Diski inamjibu nani, basi? Naongeza mistari mingine mmoja mmoja. Tar! Programu ya bakapu, yaani nakala za akiba, inasomba mafaili diski ile ile bila kupumua.

Saa 4. Nafungua crontab, ratiba ya kazi zinazojianzisha zenyewe, naikuta bakapu: `0 3 * * *`, yaani kila siku saa 3, dakika 0. Aliyeiweka alitaka saa tisa usiku, 3 ya Kizungu. Ila seva mpya inafuata UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa masaa matatu, kwa hiyo 3 yake ni saa 12 asubuhi ya Mwanza, mitumbwi ikishusha. Nafuta 3, naweka 0.

Bosi anauliza kwa nini sikuanzia crontab. Ana haki. Ila jana nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba prosesa mpya, nimeifuta kimya kimya.

Saa 11 jioni. Karani anasugua kiganja kwa sabuni, wino umegoma. "Kesho ikiganda, kaka, nakuandika wewe usoni."